Antene ya Kamalondo

Lubumbashi, Kamalondo, tarehe 5 mwezi wa kumi 2024

Abibu, mudogo yangu,

Amani iingie kwako mbele ya miguu ya Paulin anayekuletea hii barua na lori yake. Mi niko muzima. Magoti tu njo inalalamika, lakini ililalamika hata wakati nilikuwa ninafundisha, na hakuna aliyeisikiliza. Joto inatuchoma, mvua bado. Jirani yetu Mama Mado anakusalimia. Unamujua Mukasai yangu: kila siku ya Mungu akitoka misa lazima anipitishie sahani juu ya ukuta, na mi siku ya Idi ninamurudishia ikiwa imejaa. Salimia bibi yako Fatouma sana, na batoto batatu, Nafisa, Yusufu na kale kadogo kenye sijapata hata kukabeba.

Telefone yako haipite. Paulin anasema mnara ya Kilwa ilikufa. Basi iendelee kufa. Barua iko muzuri kupita telefone: telefone unaikata, barua huwezi kuikata.

Sasa neno yenyewe. Unajua tangu niache kazi ya masomo, ninafundisha Kiswahili kwa batoto ya bantu yetu benye balihamia Ulaya. Kila siku ya posho, jumamosi, ninaenda kuketi ku siber ya pale sokoni, fasi ya kulipia internet, ninaona sura zao ku ekra, ninawaimbisha, ninawauliza habari. Shida ni fasi yenyewe. Kushoto vijana bako banacheza balo, ule mupira wa ku ekra, kuume bako banatukanana juu ya ile balo. Posho iliyopita Chancelvie, mutoto wa miaka munane mwenye iko Liège kule Ulaya, alimwambia nkambo yake, babu yake, kwa telefone: «Toka hapa, sura ya mbuzi!» Nkambo akalia. Mama ya mutoto akaniandikia: «Mama Feza, hii njo Kiswahili tunayokulipia?» Nikamujibu hapana, mama, hii iko ya bure, imetoka ku kiti ya pembeni.

Nilicheka, lakini peke yangu. Bazazi baliketi bakaamua: mpaka mwisho wa mwezi wa tatu, kama sijapata fasi ya kimya, batatafuta mwalimu mwingine. Abibu, nitakuambia wazi. Bwana yangu Souleymane alikufa, mutoto Mungu hakunipa, kazi ya masomo iliisha. Hawa batoto bakiondoka, nitakuwa muntu wa kuketi mulangoni na kuangalia bapita njia. Sitake.

Ordinatere ninayo, ile kompyuta ya zamani ya ofisi ya masomo. Directeur, mukubwa ya masomo, alinipa siku ya kuniaga, nzito sana, ninaifunika na kitambaa ya meza. Inakosa koneksyo ya internet tu. Iko kampuni moja inaweka antene juu ya nyumba. Kable inashuka mpaka ku kisanduku yenye mataa, na kutoka pale inaingia mu ordinatere. Teknisye yao, fundi Guelor, alishakuya kupima. Alipanda juu ya mabati na telefone yake mukononi, akazunguka, akasimama juu ya chumba yangu, akapiga kelele: «Mama, hapa! Hapa inakamata muzuri!»

Imebakia kintu moja. Kampuni inafanya kontra, mapatano ya miaka mbili, na inaomba sinyatiri, saini ya mwenye nyumba, juu ya kuwa batatoboa ukuta. Mwenye nyumba ku karatasi ni wewe. Baba alipokufa tuliandika jina yako, juu mwanaume ulikuwa peke yako, hata kama mi dada yako njo mukubwa. Karatasi iko ndani ya bahasha. Tia sinyatiri pale niliweka alama, mupe Paulin, kwisha. Haiombe akili nyingi.

Ninakuacha na mapendo, na masikio wazi upande wa barabara.

Yaya yako, Feza


Kilwa, tarehe 2 mwezi wa kumi na moja 2024

Kwa Yaya yangu Feza,

Barua yako ilinikuta niko ku maji, Paulin akaiacha kwa bibi muuza mukate, njo maana jibu imekawia. Sisi wote tuko salama. Fatouma anakusalimia sana sana. Batoto bako bazima, banakula. Samaki mwaka huu iko ya wasiwasi: leo mitumbwi inarudi imejaa chisense, samaki badogo, mpaka tunakosa fasi ya kuanika, kesho tunarudi na maji mu viatu. Barabara ya kwenda Kasomeno ilishaanza kuharibika kabla ya mvua yenyewe. Lori moja ililala ku mashimo na samaki yote ikaoza, harufu ikafika mbele ya lori.

Yaya, ile habari ya antene niliisoma. Ni muzuri. Lakini ninajiuliza, na usikasirike, miaka mbili si mingi? Muntu anaweza kufunga kontra leo, na kesho maisha ikamuita fasi ingine. Na wewe umefundisha batoto ya bantu maisha yako yote. Hauchoke? Hapa kwetu kuko hewa. Asubui unafungua dirisha, ziwa iko mbele yako, hakuna kelele ya pikipiki, hakuna jirani wa kukuchungulia juu ya ukuta.

Karatasi iliingia maji kidogo. Nitaona namna ya kufanya.

Nasalimia Mama Mado.

Mudogo yako mwenye anakuheshimu, Abibu


Lubumbashi, tarehe 16 mwezi wa kumi na moja 2024

Abibu,

Mvua imeanza, mabati inaimba, niko muzima. Salamu kwa nyumba yako yote, hata kwa ule bibi muuza mukate, mwenye ninaona njo muntu wa posta ya Kilwa sasa.

Karatasi iliingia maji. Bon. Ninakutumia ingine, nimeifunga mu sashe mbili ya plastiki. Hii hata ukianguka nayo mu ziwa itatoka kavu. Na usinifundishe kuchoka. Nilikubeba mugongoni wakati mama alikuwa anauza mafuta sokoni, ukinikojolea, na sikuchoka. Ninakuomba sinyatiri, sikuombe hewa.

Kuko kintu kingine kinanizungusha kichwa. Kila mwaka mvua ikianza, Fatouma ananiomba uzi ya kusuka, ile nyeusi ya kung'aa, na ananitajia mpaka urefu wake. Mwaka huu kimya. «Anakusalimia sana sana.» Fatouma yangu hajue kusalimia mara mbili bila kuomba kitu! Iko mugonjwa? Umemukasirisha? Mwambie aniandikie mwenyewe, hata mustari moja, hata ya kunitukana.

Na hapa pia bantu bamebadilika. Mama Mado anapitisha sahani hata katikati ya juma. Juzi mihogo, jana matembele, leo kuku muzima, Abibu, kuku! Nikamuuliza: «Mado, mi niko nakufa na hauniambie?» Akacheka vibaya, akaingia ndani. Mutoto wake Élie, ule muhandisi mwenye anapanga nyumba kule mutaa wa Golf, alikuya kumusalimia mama yake, kisha akaingia kwangu. Salamu ilikuwa fupi, lakini macho ilikuwa ku ukuta muda yote. Akapima ule ukuta wa katikati na hatua zake, huku na huku. Nikamuambia: «Élie, ukitafuta mama yako, iko upande ule.» Akaomba musamaha.

Silale muzuri. Sijue ni nini, lakini iko kintu. Weka sinyatiri.

Feza, mukubwa yako


Kilwa, tarehe 21 mwezi wa kumi na mbili 2024

Yaya,

Ninaandika haraka, Paulin anapiga honi. Barabara ilikatika, alikuwa amebakia hapa na sisi, sasa banasema inapitika. Tuko salama. Fatouma anakusalimia, anaomba uzi.

Nilijenga chumba. Haikuwa ya kukuambia kwa barua, lakini basi. Iko na matofali ya kuchoma, na mulango yake yenyewe, simenti tulimwaga chini mupaka ikawa laini. Kuya utembee. Kuya hata mwezi wa kwanza, Paulin atakuketisha mbele karibu naye. Na ukitembea, beba bintu yako ya maana, juu ya wezi. Nyumba yenye imebakia peke yake haiaminike.

Juu ya karatasi, kalamu ya hapa haishike ku ile karatasi ya kampuni, inateleza. Tutaongea ukifika.

Abibu


Lubumbashi, tarehe 11 mwezi wa kwanza 2025

Kwa Abibu, mutoto wa mama yangu,

Niko muzima. Mwaka imeanza. Salamu nimemaliza, sasa vaa viatu yako uketi chini.

Kalamu yako inateleza, nikasema basi, Feza, enda mwenyewe. Nilivaa liputa, kitenge yangu ya Idi, nikaenda ofisi ya kampuni na Guelor. Nikawaambia mwenye nyumba ni mudogo yangu, iko Kilwa, barabara mbovu, nifanyie koneksyo, sinyatiri itafuata. Dada wa pale, mupole, akaniomba lupango, kiwanja yetu, iko avenue gani na namba gani, akaandika mu masini yake. Akaangalia. Akaandika tena. Kisha akaniuliza: «Mama, kwa hii lupango tulishapokea ombi. Koneksyo kubwa, ya nyumba ya étage, ya ghorofa. Uko mama ya monsieur Élie?»

Nilicheka, Abibu! Kwa Mungu, nilicheka mbele ya bantu. Nikasema mumechanganya lupango, Élie iko mutoto ya jirani, nyumba ya mama yake iko namba ya pembeni. Akageuza ekra ili nione. Haikuwa namba ya Mado. Ilikuwa namba yetu, ile yenye baba alipaka rangi ya bluu kwa mukono yake ku mulango.

Guelor alinirudisha mpaka ku avenue. Sikuingia kwangu, nilipita moja kwa moja kwa Mado. Alikuwa anatwanga sombe, majani ya muhogo. Nikamuambia: «Mado, Élie anatafuta nini mu nyumba yangu?» Akaacha mutwangio mu kinu. Alilia mbele ya kusema, njo pale nikajua. Akasema: «Feza, banasema Abibu alikuambia. Banasema unahamia Kilwa, unaenda kupumzika. Mi nilikuwa ninakupikia ya kukuaga. Kila siku ninasema leo ataniaga, leo ataniaga, na wewe unanizungumuzia habari ya antene.»

Miaka yote tunapitishana sahani, na mi njo muntu ya mwisho ku avenue kujua kama ninahama.

Sikuulize mambo mingi. Ninakuuliza moja, na usinijibu na samaki: uliuza nyumba ya baba?

Hii barua Paulin ataingoja mbele yako mupaka ujibu. Nilimuambia akitoka Kilwa bila jibu, asipitie Kamalondo.

Feza


Kilwa, tarehe 3 mwezi wa pili 2025

Yaya,

Paulin iko ameketi hapa mbele yangu kweli, anakunywa chai yangu, anakataa kuondoka. Alisema anakuogopa wewe kupita bapolisi ya barabara.

Sijauza. Nilikubali kuuza. Élie alinikuta Kasomeno mwezi wa nane, nilikuwa nashusha samaki. Alisema anataka kuunganisha lupango mbili, ajenge étage, mama yake akae chini. Akanitumia motere, injini ya mutumbwi, kama malipo ya mwanzo, mupya, ingali mu sanduku yake ya mbao. Iko hapa mu lupango. Siifungue. Jioni ninaketi juu yake.

Sasa ile ingine. Fatouma aliondoka. Tangu kiangazi, mbele hata ya barua yako ya kwanza. Alirudi kwao Kasenga, akasema amechoka na bwana mwenye anaoa maji. Zile salamu nilikuwa ninaziandika mwenyewe, na uzi pia niliomba mwenyewe, juu uliniuliza. Nafisa njo anapika sasa, na iko na miaka kumi. Yusufu haende tena ku masomo, anasema atanifuata ku maji. Kale kadogo kanaita kila mwanamuke mwenye anapita «mama». Ninapotoka na mutumbwi ninawasikia mu kichwa yangu. Ninaogopa, Yaya. Ni vile tu. Ninaogopa kila siku.

Nikawaza: Yaya Feza njo alinikomesha, alinilea. Iko peke yake mu vyumba tatu, hana bwana, hana mutoto, anazungumuza na ekra. Hapa kuko batoto ya kweli, ya damu yake. Nikiuza, nitamujengea chumba, atakuya, nyumba itakuwa tena na muntu mukubwa. Nilishaambia Kilwa yote kama unakuya. Bantu bananiuliza sokoni: «Yaya yako iko wapi?» Ninasema barabara imemuzuia.

Nilikuwa nataka kukuambia. Kila barua nilianza kukuambia. Lakini ni wewe, na mbele yako mi ningali ule mwenye anakojoa mugongoni.

Unipige kama unataka. Usininyamazie tu.

Abibu


Lubumbashi, tarehe 14 mwezi wa pili 2025

Abibu,

Mbele ya yote: unaishi, batoto banaishi, Mungu asifiwe. Nililia juu ya Nafisa. Nilikaa ku kitanda nikalia mupaka Mado akanisikia ku ukuta akauliza kama kuko kilio, muntu amekufa. Nikamuambia bado, lakini ninakaribia kuua muntu.

Sasa sikiliza. Hasira yangu iko hivi. Hukuniuliza. Ungeniandikia mustari moja, «Yaya, Fatouma ameondoka, ninaogopa», ningepanda lori ya Paulin siku ile ile, juu ya magunia, na haya magoti. Lakini ulinipanga sawa na kiti: hapa hakuna muntu anayeikalia, tuibebe kule. Ulisema ninazungumuza na ekra. Mule mu ekra kuko Chancelvie, mwenye mwaka jana hakujua kuita maji «maji», na leo anamuuliza nkambo yake amelalaje. Iko kazi, Abibu. Iko kazi yangu. Hata kama unaiona ndogo.

Nilienda kwa shehe ya musikiti yetu, nikamuwekea mambo yote. Hakufungua hata kitabu. Alisema mwanaume mafungu mbili, mwanamuke fungu moja, na jina ku karatasi ya serikali haikule fungu ya muntu. Nyumba ya baba iko na vyumba tatu. Basi mbili ni yako, moja ni yangu. Ninachagua ile yenye Guelor alisema inakamata muzuri.

Nikaita Élie. Nilimupikia chai, nikamuongelesha pole pole, mbele ya mama yake. Nikasema: mutoto yangu, nunua vyumba ya Abibu, sikukataze. Jenga étage juu yake, ujenge mpaka mbinguni. Lakini changu kitabakia katikati, na mi ndani yake, na antene juu ya kichwa yangu, na kila siku ya posho batoto ya Ulaya bataimba «Mukono moja, vidole tano» mpaka uote hiyo nyimbo. Utanunua nyumba na Feza ndani. Élie akaangalia mama yake. Mado akamuambia kwa Tshiluba, luga ya kwao Kasai, maneno yenye sikusikia muzuri, lakini ilikuwa mirefu, na Élie akaacha chai. Kesho yake alienda ofisi ya kampuni kuondoa ombi yake. Anangoja sasa motere yake tu.

Kwa hiyo hivi njo utafanya. Sanduku ya motere utairudisha na Paulin, ikiwa imefungwa. Karatasi ya kampuni iko tena hapa ndani, ya tatu. Mwisho ya mwezi wa tatu iko karibu, na bazazi kule Ulaya banahesabu. Na batoto batapanda ile lori. Yusufu ataingia masomo hapa, nilishaongea na directeur. Nafisa atacheza, hiyo njo kazi yake, na akigusa chungu nitamupiga. Si mi ninahamia kwako. Ni bao banakuya kwangu, nyumbani kwa nkambo yao.

Sikuandikie mapendo leo. Iko, lakini sikuiandike.

Feza


Kilwa, tarehe 9 mwezi wa tatu 2025

Yaya yangu,

Karatasi hii hapa, na sinyatiri. Niliiandika mara moja, kalamu haikuteleza.

Motere iko ndani ya lori, umuache Élie aifungue kwako, mambao ya sanduku inafaa kwa rafu yako. Batoto bako mbele na Paulin. Nafisa alibeba sufuria yake, nilikosa kumukataza. Kale kadogo kanaitwa Régine ku karatasi, hiyo Fatouma njo alichagua, lakini sisi tunakaita Mwajuma, kanaitikia yote mbili. Kanalia kama taa inazimwa. Yusufu atakuambia hapendi masomo. Ni uongo, anaogopa bataona hajue kusoma.

Mi sikuye. Nilikuwa nimeweka mukoba yangu ndani ya lori, nikaushusha. Siwezi kuingia ile avenue. Mado atanitazama, Élie atanitazama, shehe atanitazama, na wewe utanitazama. Nitatuma samaki. Bantu hapa bananiuliza tena: «Yaya yako alifika?» Ninasema hapana, batoto njo balienda kumufuata. Banasema ni muzuri. Nyumba iko kimya mpaka ninasikia maji ya ziwa nikilala kitandani.

Unisamehe kama unaweza. Kama bado, nitangoja.

Abibu


Lubumbashi, tarehe 30 mwezi wa tatu 2025

Abibu,

Walifika wote watatu, na vumbi ya Kasomeno mpaka mu masikio. Nilibaogesha, maji ikatoka rangi ya kahawa. Sufuria ya Nafisa niliiweka juu ya kabati, fasi yenye hafikie. Aliikasirikia siku nzima, jioni akasahau, akaenda kuruka kamba na batoto ya avenue. Yusufu tunasoma pamoja asubui, mulango umefungwa, hakuna mwenye anajua. Kale kadogo, Mwajuma-Régine wako, kalinishika liputa hakakuiachia. Hata ku choo tunaenda bote.

Koneksyo iko. Guelor alikuya na karatasi yako mu mukoba, akapanda, akafunga antene juu ya chumba yangu, akatoboa ukuta, kable ikaingia. Kisanduku ikawasha mataa, ya kwanza, ya pili, ya tatu ikakawia, kisha nayo ikawa kijani. Nikapiga vigelegele. Mado naye akajibu toka kwake bila kujua ni nini. Lakini ordinatere ikakataa! Kila fasi ninafungua, inasema hapana, hii fasi haiaminike. Guelor akatoa kable, akarudisha, akazima, akawasha, akakuna kichwa. Mwishoni akaangalia saa ya mu pembe ya ekra. Pile, betri yake ndogo ya ndani, ilishakufa, na masini ilikuwa inawaza tungali mwaka 2009. Kwa yeye haya yote ilikuwa haijafika bado. Guelor akaandika tarehe ya leo, na Ulaya yote ikafunguka.

Jana, siku ya posho, nilifundisha nyumbani. Hakuna balo, hakuna matusi. Batoto yako baliketi ku mukeka nyuma yangu. Niliwaambia banyamaze, na kwa kweli balinyamaza kidogo. Chancelvie akamuona Nafisa ku ekra, akamuuliza: «We ni nani?» Nafisa akamujibu, na wale babili bakaniacha. Balizungumuza mambo ya kamba, ya meno kutoka, ya samaki ya macho kubwa. Mwaka nzima ninamufundisha ule mutoto, hakuwahi kucheka na mi vile. Niliona wivu, ninakuambia wazi. Kisha nikatoka kupika bukari, ugali yetu, juu sikuwa tena na kazi. Bazazi baliandika: tunabakia na Mama Feza.

Motere Élie aliichukua. Alisalimia. Ana haya, mama yake ana haya, wewe uko na haya kule mbele ya maji. Avenue nzima iko na haya, na bado bantu banakula, banalala, asubui banafungua mulango. Haya haijawahi kuzuia lori ya Paulin.

Unauliza kama ninaweza kukusamehe. Sijue. Niko na hasira, na kila jioni ninasikia lori ku njia ninasimama. Yote mbili iko. Batoto bamejaa mu chumba yangu, hakuna fasi ya kugeuka, na vyumba yako mbili iko wazi, vumbi imelala chini, buibui imefunga dirisha. Nafisa alichukua ufagio, nikamunyang'anya.

Ile si kazi yake, wala yangu. Fungu ni yako. Kuya ufagie mwenyewe.

Yaya yako